Pumu au COPD? Mgonjwa anahema mbele yako, unachagua oksijeni ipi na unaanza na nini

Saa nane usiku, wodi ya wanawake, mi niko mwaka wa pili na nipo fildi, bibi mmoja wa miaka sabini hivi kaletwa na mjukuu wake. Ameinama mbele kashika ukingo wa kitanda, mabega yanapanda na kushuka, midomo kaikunja kama anapoza chai. Oksimita, kale kamashine ka kidoleni kanakopima oksijeni kwenye damu, inasoma asilimia 84. Kadi yake ya kliniki imeandikwa "pumu" kwa wino wa bluu. Nikafanya nilichokuwa nakijua, anayehema mpe oksijeni, nikachukua maski yenye mfuko nikafungua flowmita, ile ya kupima mtiririko wa oksijeni, mpaka lita 15 kwa dakika, dakika kumi baadaye oksimita inasoma 99 na mi najiona bingwa kabisa. Nikaandika kwenye chati. Nusu saa hivi bibi kasinzia, nikamwambia mjukuu, umeona, kapata nafuu sasa analala.

Sista wa zamu alipopita akamwita, "Bibi, bibi, shikamoo, amka kidogo," bibi akajibu maneno hayaeleweki. Sista akamshika kiganja, kina joto, kimelowa jasho, mapigo yanagonga kwa nguvu. Hakunigombeza. Na oksijeni hakuizima, hilo ndo nataka ulishike kuliko yote. Alitoa maski akaweka kanula ya pua, ule mpira mwembamba wa kuingiza oksijeni puani, lita 2, akavuta stuli akakaa pale pale kuangalia oksimita inavyoshuka mpaka ikatulia kwenye 90, akaagiza daktari aitwe, afu akaanza kuniuliza mimi: "Huyu bibi maisha yake yote amepikia nini?" Nikasema sijui. "Amewahi kuumwa TB?" Sijui. "Kifua kilianza kumsumbua akiwa na umri gani?" Sijui. Kadi ilisema pumu nami nikaiamini kadi.

Asubuhi bibi aliamka akadai uji, kwaiyo stori iliisha vizuri, ila si kila mara inaisha hivo. Haya magonjwa mawili, pumu na COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia ya hewa), darasani wanayafundisha kwenye slaidi moja, yote "yanaziba njia ya hewa", yote yana miluzi kifuani, yote yanapewa salbutamol ya kufungua njia ya hewa, afu unatoka darasani unadhani ni ndugu wa tumbo moja. Ngoja niyaweke ubavu kwa ubavu jinsi ninavyoyaona wodini, na mwisho tuongelee vifaa maana hapo ndo wanafunzi wengi wanaumia kwenye mtihani na kwenye zamu.

Ndani ya kifua kunatokea nini

Pumu ni ugonjwa wa njia ya hewa yenye hasira. Ikiguswa na vumbi, baridi, manyoya ya paka, mafua, moshi, hata kucheka sana, misuli inabana, ukuta unavimba, ute mzito unajaa, hewa inapita kwa shida. Lakini inaachia, yenyewe au kwa dawa, na katikati ya mashambulizi mtu anaweza kuwa mzima kabisa anacheza mpira. Hilo neno "inaachia" liwekee mstari.

COPD haiachii yote. Kinachoharibika kimeharibika. Humo ndani kuna sura mbili ambazo mara nyingi zinakuja pamoja. Ya kwanza ni mkamba sugu, njia za hewa zimevimba na zinatengeneza makohozi kila siku, na tafsiri ya mtihani ni kikohozi chenye makohozi angalau miezi 3 kwa mwaka, miaka 2 mfululizo. Ya pili ni emfisema, vile vifuko vidogo vya hewa kuta zake zinaliwa, vinaungana vinakuwa mifuko mikubwa iliyolegea. Fikiria lastiki ya sketi iliyofuliwa miaka kumi, inavutika ila hairudi. Pafu la emfisema hewa inaingia, kutoka ndo kazi.

Kama hujaelewa kwa nini mgonjwa wa COPD anachoka kwa kuongea tu, fanya hivi sasa hivi ukiwa umekaa: vuta pumzi mpaka mwisho kabisa, usiitoe, sasa jaribu kupumua juu juu ya hiyo hewa, vuta kidogo toa kidogo, mara kumi. Umeona shingo inavyokaza? Umeona usivyoweza hata kusema jina lako vizuri? Yeye anaishi hivo kutwa, ndo maana kifua kinakuwa kama pipa, ndo maana anakunja midomo, anajaribu kuzuia zile njia zisijifunge kabla hewa haijatoka. Mwili umejifundisha mazoezi ya fiziotherapi bila mwalimu. Usimwambie afunge mdomo.

Notisi za zamani zina picha mbili, mtu mwembamba mwekundu anayepuliza na mtu mnene wa bluu aliyevimba miguu. Zijue kwa ajili ya mtihani. Wodini mi wengi niliowaona ni mchanganyiko, na huo wekundu na ubluu kwenye ngozi zetu nyeusi hauuoni, angalia ulimi na ndani ya midomo, sio ncha za vidole.

Maswali ya kuuliza

Swali la "unavuta sigara?" ni sahihi ila kwetu halitoshi kabisa. Bibi wangu hakuwahi kugusa sigara. Amepika kwa kuni tangu ana miaka nane, jiko la mafiga matatu ndani ya kibanda kisicho na dirisha, mtoto mgongoni. Utafiti uliofanyika Masindi, Uganda, ukachapishwa 2015, ulikuta watu wazima asilimia 16 hivi wana dalili za COPD kwenye kipimo cha kupuliza, na wengi walikuwa vijana kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema, karibu wote wanaishi na moshi wa kuni. Tanzania nayo ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya watu wafikie 2034, na watu wanauongelea kama habari ya misitu tu wakati ni habari ya mapafu pia.

Kwaiyo uliza hivi, kwa lugha ya nyumbani: "Mama, jikoni kwako moshi unatokea wapi?" "Baba, ulifanya kazi gani ujanani?" Ukisikia mgodi, kupasua kokoto, kiwanda cha saruji, katani, pamba, andika. "Uliwahi kunywa dawa za TB?" Hili usiliruke hata siku moja, kwa sababu TB ikipona inaweza kuacha mapafu yenye makovu na njia zilizoziba, na huyo anatembea na jina la pumu miaka yote. Na kama kikohozi kimezidi wiki mbili au amekonda au anatoka jasho usiku, makohozi yaende maabara kwanza, ubishi wa pumu au COPD utasubiri.

Sasa mizani yenyewe. Kinachonipeleka upande wa pumu: ilianza utotoni au ujanani, inakuja na kuondoka, usiku wa manane au alfajiri ndo mbaya, ana mafua ya mzio au ukurutu, mama yake au kaka yake anayo, siku nyingine yuko fiti kabisa. Kinachonipeleka COPD: amevuka 40, imeanza polepole mpaka hakumbuki ni lini, kila mwaka anatembea umbali mfupi kuliko mwaka jana, makohozi kila asubuhi, na ana historia ya moshi. Mwulize, "Mwaka juzi ulikuwa unafika wapi bila kupumzika?" Mtu wa pumu atakwambia inategemea na siku. Mtu wa COPD atakwambia nilikuwa nafika sokoni, mwaka jana nikawa napumzika kwenye mwembe, sasa hivi chooni tu nahema.

Mizani haiwi safi kila mara. Kuna mzee anayepata pumu ukubwani, kuna kijana wa miaka 35 mwenye COPD, kuna mwenye vyote viwili, na kuna yule ambaye sio mapafu kabisa ni moyo, anakuja na miluzi kifuani, miguu imevimba, hawezi kulala chali, ukimpa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) mara tatu hakuna kinachobadilika. Bonyeza miguu, angalia mishipa ya shingo, uliza amelalia mito mingapi. Dakika moja tu.

Kipimo kinasema nini

Spairometria ndo hakimu. Mgonjwa anapuliza, unapima hewa iliyotoka sekunde ya kwanza ukilinganisha na hewa yote aliyoitoa. Baada ya kumpa salbutamol na kusubiri dakika 10 hadi 15, anarudia. Ikiwa ile sehemu ya sekunde ya kwanza bado iko chini ya 0.70 ya hewa yote, kuna kuziba kusikoachia, na ukiunganisha na dalili na moshi unapata COPD. Ikiwa hewa ya sekunde ya kwanza imepanda kwa asilimia 12 au zaidi na pia mililita 200 au zaidi, upande wa pumu unapata nguvu. Vyote viwili, asilimia na mililita, wanafunzi wanasahau mililita.

Zahanati nyingi hamna hiyo mashine, hilo tunajua wote. Kale kapaipu ka plastiki ka pikfloo, kanakopima kasi ya kupuliza, kanasaidia kwa pumu: anapuliza asubuhi na jioni wiki mbili, anaandika, namba zikicheza sana au zikipanda asilimia 20 au zaidi baada ya salbutamol, hiyo inaongea pumu. Kwa COPD pikfloo haitoshi, inaweza kuwa ya chini na usijue kwa nini.

Oksijeni, sasa hapa tukae

Kwa mtu mzima mwenye shambulio la pumu lengo lako ni 93 hadi 95, sehemu nyingine wanasema 94 hadi 98, fuata gaidlaini ya ulipo. Kwa mtu wa COPD, au ambaye unahisi ni COPD, lengo ni 88 hadi 92. Ndiyo, 92 ndo kikomo cha juu, sio cha chini. Mwanafunzi akiona 90 mkono unamwasha aongeze. Tulia.

Kwa nini? Notisi nyingi zinasema mgonjwa wa COPD anapumua kwa sababu ya njaa ya oksijeni, ukimshibisha anaacha kupumua, nukta. Hiyo ni sehemu ndogo ya stori. Kubwa zaidi ni hivi: kwenye mapafu yaliyoharibika kuna maeneo hayapati hewa ya kutosha, na mwili kwa akili yake umebana mishipa ya damu ya maeneo hayo ili damu ipite kwenye maeneo mazuri. Ukimwaga oksijeni nyingi, ile mishipa inafunguka, damu inapita kwenye maeneo mabovu na kurudi bila kutua mzigo wake wa kaboni dayoksaidi. Juu ya hapo, hemoglobini ikishashiba oksijeni inauachia mzigo wa kaboni dayoksaidi uliokuwa umeubeba, unabaki kwenye damu. Kaboni dayoksaidi ikipanda mtu anaumwa kichwa, anasinzia, viganja vinakuwa vya moto, ukimwambia anyooshe mikono akunje viganja juu vinapigapiga kama bata anayetaka kuruka. Huyo "aliyelala kapata nafuu" ndo bibi yangu.

Na sio hofu ya vitabuni. Huko Tasmania, Australia, walilinganisha wagonjwa 405 waliobebwa na ambulansi, wengine wakapewa oksijeni nyingi ya maski kama kawaida, wengine ikapimwa wakae 88 hadi 92, majibu yakatoka 2010. Kati ya wale ambao COPD yao ilithibitishwa, upande wa oksijeni nyingi walikufa asilimia 9, upande wa kupimwa asilimia 2. Dawa ile ile, mtungi ule ule, tofauti ni mkono ulioshika flowmita.

Lakini, na hii "lakini" ni kubwa, nimeshaona kosa la pili ambalo ni baya zaidi: mwanafunzi kasikia oksijeni ni sumu kwa COPD, mgonjwa yuko 76 yeye anaogopa, anampa lita moja anasubiri daktari. Kukosa oksijeni kunaua haraka, kwa dakika, kaboni dayoksaidi inachukua muda zaidi. Akiwa 76 mpe, panda mpaka 88, hapo ndo uanze kubana. Na ukishamzidishia usiichomoe ghafla, itaporomoka kuliko ilivyokuwa mwanzo, shusha taratibu ukiwa umekaa hapo na oksimita.

Kifaa kipi basi?

Kanula ya pua ndo rafiki wa wodi zetu, lita 1 inampa hewa yenye oksijeni karibu asilimia 24, lita 2 karibu 28, lita 3 karibu 32, lita 4 karibu 36. Neno karibu lina maana, kwa sababu mtu anayehema haraka anachanganya na hewa ya nje nyingi zaidi, hivo kile anachopata hukijui sawasawa. Faida yake anakula, anaongea, haivui akikohoa. Kwa COPD iliyotulia tulia, lita 1 hadi 2, mi ndo chaguo langu la kwanza kama hamna kingine.

Maski ya Venturi ndo chaguo lenyewe la COPD ukiwa nayo, kwa sababu asilimia haibadiliki hata akihema vipi. Rangi zake zikariri: bluu 24 kwa lita 2, nyeupe 28 kwa lita 4, chungwa 31 kwa lita 6, njano 35 kwa lita 8, nyekundu 40 kwa lita 10, kijani 60 kwa lita 15. Anza na bluu au nyeupe. Kosa ninaloliona ni mtu anabadilisha flowmita akidhani anaongeza asilimia. Ukitaka asilimia nyingine badilisha kale kavalvu ka rangi, afu weka lita zilizoandikwa juu yake.

Maski ya kawaida isiyo na mfuko, usiiweke chini ya lita 5, atakuwa anavuta pumzi yake mwenyewe aliyoitoa, yaani unamrudishia kaboni dayoksaidi ile ile unayoikimbia. Kwa COPD siipendi.

Maski yenye mfuko, lita 10 hadi 15, ujaze mfuko kwanza kabla hujamvalisha. Hii ni ya pumu kali, ajali, nimonia mbaya, mtu anayekaribia kuzimia. Mtu wa pumu anayeshindwa kumaliza sentensi, 87, mvalishe bila kuogopa. Kwa COPD ni ya dharura tu, ukishamvusha unashuka kwenye Venturi au kanula.

Kuhusu oksimita yenyewe, usiiabudu. Huku pwani nimehangaika na bi harusi mwenye piko nyeusi mpaka kwenye kucha, mashine inasoma upuuzi, nikaiweka sikioni. Rangi ya kucha hivo hivo, vidole vya baridi hivo hivo. Na kuna kazi iliyochapishwa Marekani mwaka 2020 ilionesha kwenye ngozi nyeusi mashine inaweza kusema juu kuliko ukweli, kwaiyo 92 ya mgonjwa wako huenda ni chini ya hapo. Ukiona namba nzuri na mgonjwa mbaya, mwamini mgonjwa.

Nebulaiza au inhela yenye spesa

Wagonjwa wanaipenda nebulaiza, inatoa moshi, inapiga kelele, unajua kabisa unatibiwa. Ukimpa inhela, kale kakopo ka kubonyeza na kuvuta dawa, anakuangalia kama umembania. Ukweli ni kwamba inhela yenye spesa (chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo) inafanya kazi sawa na nebulaiza kwa mashambulizi mengi ambayo sio ya kutishia maisha. Kwenye shambulio unampa salbutamol mikupuo 4 hadi 10, mmoja mmoja, kila mkupuo anavuta pumzi kama tano sita ndani ya spesa, unarudia kila dakika 20 saa ya kwanza.

Spesa hamna? Chupa ya maji ya nusu lita. Toboa tundu kwenye kitako linaloingiza mdomo wa inhela kwa kubana, ziba kando kwa plasta, mgonjwa anaweka mdomo kwenye mdomo wa chupa. Sio ubabaishaji wa kijijini, Cape Town waliwapima watoto wenye pumu, ikachapishwa 1999, chupa ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kufuta, ukiifuta kwa kitambaa inakuwa na umeme ule unaonasa dawa ukutani.

Nebulaiza naiacha kwa asiyeweza kushirikiana, aliyechoka, aliyechanganyikiwa. Na hapa tofauti ya pumu na COPD inarudi: kwa pumu nebulaiza iendeshwe na oksijeni lita 6 hadi 8, kwa COPD mwenye hatari ya kaboni dayoksaidi iendeshwe na hewa ya kawaida ya kompresa, afu kanula ya pua inaendelea pembeni. Kama mna mtungi tu na hamna kompresa, tumia spesa, usimpe dakika kumi za oksijeni nyingi kisa nebulaiza, afu ikajirudia kila saa. Mi binafsi naona hapa ndo tunawazidishia wengi bila kujua, tunabana kanula vizuri afu tunaharibu kwenye nebulaiza.

Dawa, kwa kifupi

Shambulioni zinafanana: salbutamol, ipratropium nayo ya kufungua njia ya hewa, na steroidi ya kushusha uvimbe. Steroidi yenyewe, prednisolone 40 mg kwa siku 5 inatosha kwa COPD, sio wiki mbili kama zamani, na pumu ya mtu mzima ni 40 hadi 50 kwa siku 5 hadi 7. Antibayotiki kwa COPD inaingia pale makohozi yamekuwa ya usaha na yameongezeka, kwa pumu mara nyingi hamna kazi nayo japo tunaandikiwa sana. Magnesiamu 2 g kwenye mshipa kwa dakika 20 ni ya pumu kali iliyogoma.

Kwenye dawa za nyumbani njia zinaachana. Pumu bila steroidi ya kuvuta ni kama kupiga deki wakati bomba linavuja, na tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haishauri tena mtu mzima aishi kwa salbutamol peke yake. Ile inhela ya bluu inampa nafuu, nafuu inamdanganya, siku shambulio kubwa linakuja hana akiba. COPD inaanzia kwa dawa za kufungua za muda mrefu, na steroidi ya kuvuta wanapewa baadhi tu kwa sababu inaongeza nimonia. Yeyote anayevuta steroidi asukutue mdomo ateme, la sivyo utando mweupe mdomoni. Kinachopunguza mwendo wa COPD ni kuondoa moshi, uwe wa sigara au wa kuni. Chanjo ya mafua na ya nimonia zinasaidia pale zinapopatikana.

Hatari inavyojitokeza

Pumu ikiwa mbaya haipigi kelele, inanyamaza. Uliyemsikia na miluzi chumba kizima sasa kifua kimya, hewa haiingii hata ya kutoa mlio, hapo piga kelele wewe. Gesi ya damu ya mtu wa pumu anayehema haraka inatakiwa ioneshe kaboni dayoksaidi ya chini, ukikuta ya kawaida usishangilie, anachoka. Mapigo 110 au zaidi kwa dakika, pumzi 25 au zaidi kwa dakika, sentensi haikamiliki, hiyo kali tayari.

COPD ikiwa mbaya inasinzia. Kwa hawa swali la "bibi umelala?" ni kipimo, mwite kwa jina kila unapopita. Kwenye gesi ya damu, pH (kipimo cha asidi ya damu) chini ya 7.35 na kaboni dayoksaidi juu ya 45 mmHg ni mgonjwa wa mashine ya kusaidia kupumua kwa maski, kama ipo, kama haipo ni simu ya rufaa mapema sio alfajiri.

Kwenye mtihani watakuletea mzee wa miaka 66, mvutaji wa zamani, anakohoa, anahema kiasi, oksimita 89 akiwa hewa ya kawaida, hatua yako ya kwanza? Machaguo manne na moja ni oksijeni lita 10. Yuko ndani ya lengo lake. Mkalishe ameinama mbele mikono kwenye meza, mfundishe kukunja midomo, pima vaito zote (joto, mapigo, pumzi, presha), mpe inhela aliyoandikiwa.

Bibi yangu alikaa siku sita. Kabla ya kuruhusiwa nikamwomba anioneshe anavyotumia inhela yake, akafungua mdomo akapulizia ulimi mara tatu haraka haraka, akameza, akanywa maji. "Inakata kiu ya kifua mjukuu wangu." Miaka minne alikuwa anaimeza. Tukakaa na chupa ya maji na plasta, tukarudia mara saba, mjukuu akarekodi kwa simu, na kwenye kadi daktari akakata neno pumu kwa mstari mmoja akaandika COPD, chini yake sista akaongeza kwa herufi kubwa: LENGO 88–92.